Mita za maji zinazosomwa kwa mbali: waya, redio au laini ya simu?

Kabla hujafungua katalogi ya muuzaji yeyote, fungua chemba, yaani kishimo chenye kifuniko ambamo mita hukaa. Inua kifuniko utazame mita ilivyokaa, kisha uandike mambo manne: kifuniko ni cha chuma, cha zege au cha plastiki, mita imezama kina gani, chemba hujaa maji mvua ikinyesha, na stima iliyo karibu iko umbali gani. Mambo hayo manne ndiyo yanayoamua itifaki ya mawasiliano. Sifa za redio kwenye karatasi hazisaidii kitu mbele ya kifuniko cha chuma. Pande za Dunga na Nyalenda ya chini mjini Kisumu, ambako ziwa liko karibu, na kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, chemba hujaa msimu wa mvua na maji hayana haraka ya kuondoka. Mawimbi ya 868 MHz, ya redio za mita, hufia ndani ya maji. Antena iliyozama haisikiki hata kama kipokezi kiko ng'ambo ya barabara.

Ukishajua chemba zako, uchaguzi wenyewe si mgumu. Mita zilizo ndani ya jengo moja, ziunganishe kwa waya. Zilizotawanyika mtaani ndani ya kilomita chache, tumia LoRaWAN, redio ya nguvu ndogo inayofika mbali. Mita moja kubwa iliyo peke yake, kama ile ya jumla inayopimia msimamizi wa mtaa maji anayonunua kutoka KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ipe laini yake ya simu. Wauzaji watakwambia mfumo mmoja unatosha kila mahali. Haitoshi, na mradi mzuri wa mtaa mara nyingi hutumia njia mbili au zote tatu, ilimradi data zote ziishie kwenye seva moja.

Uliza kwanza mita inatoa nini

Mita za bei nafuu hutoa pulsi: sumaku inayozunguka hufunga swichi ndogo kila lita 1, 10 au 100 zinapopita, na kifaa cha nje huhesabu. Tatizo ni kwamba kifaa hakijui namba iliyo kwenye uso wa mita. Wewe ndiye unayeiingiza siku ya kufunga, na kuanzia hapo kila pulsi iliyopotea ni tofauti inayobaki milele. Waya ukikatwa siku tatu, mita inaendelea, hesabu inasimama. Swichi nayo hudundadunda inapofunga, kwa hiyo kifaa kisichochujwa kinaweza kuhesabu pulsi moja mara mbili. Mtu akiweka sumaku kubwa juu ya mita, swichi inaweza kubaki imefunga.

Pulsi inafaa kwa kufuatilia pampu au kutafuta uvujaji. Kwa bili ya mtu, nunua mita inayosomwa namba yenyewe, yaani yenye M-Bus au Modbus (lugha mbili za mita zinazopita kwenye waya) au redio iliyojengwa ndani. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko ugomvi wa mwezi mmoja na wapangaji.

Ploti ya gorofa: M-Bus

Chukua ploti ya gorofa nne yenye nyumba 24, kama zilivyo nyingi Migosi au kule Nakuru, Section 58. Mita zote ziko kwenye shimo la mabomba la kila gorofa au zimepangwa ukutani chini. Hapa redio ni gharama ya bure: betri 24 za kubadilisha siku moja, na zege kati ya kila gorofa. M-Bus, ambayo ni kiwango cha EN 13757, hutumia nyaya mbili tu na mita hupata nguvu ya mawasiliano kutoka humo humo. Nyaya hizo hazina chanya wala hasi, kwa hiyo fundi hawezi kuzigeuza akakosea.

Kisanduku kikuu, ambacho mafundi hukiita masta, huweka takriban volti 36 kwenye waya. Kikitaka kuongea, hushusha volti 12. Mita hujibu kwa kuvuta mkondo zaidi, kati ya milliampea 11 na 20 juu ya ule wa kawaida. Ikiwa kimya, kila mita huvuta kama milliampea 1.5. Kwa nyumba 24 hiyo ni milliampea 36. Masta anayeweza kuhudumia mita 60 anatosha kwa raha na anaacha nafasi ya mwenye ploti kuongeza gorofa, jambo ambalo atalifanya.

Nunua waya wa jozi iliyosokotwa wenye kipenyo cha mm 0.8. Pitisha ndani ya konduiti yake, usiichanganye na nyaya za stima za 240. Mtandao unaweza kuchipua matawi upendavyo, tawi moja kila gorofa, ila usiufunge ukawa duara. Viungio viwe vya jeli. Tepu nyeusi kwenye shimo la mabomba lenye unyevu huoza kimyakimya, na kiungio kikishaingia maji huanza kuvuta mkondo kama mita nyingine.

Kisha fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Pima waya kabla ya kufunga mita yoyote. Kati ya nyaya mbili multimita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, kuna mahali msumari umepita.
2. Funga mita moja, washa masta, pima mkondo. Andika namba hiyo. Ndiyo kipimo chako cha mita moja.
3. Ongeza mita moja moja, na kila mara mkondo upande kwa kiasi kile kile.
4. Nenda mita ya mbali kabisa upime volti. Usikubali chini ya 24.
5. Weka kompyuta kwenye kasi ya 2400, pariti shufwa, biti 8 za data na biti 1 ya kusimama, uanze kusoma.

Hatua ya pili huonekana ya kipuuzi, lakini ndiyo itakayookoa muda miaka inayofuata. Mkondo wa waya wote ni sajili ya mita zilizopo. Ukikuta milliampea 33 badala ya 36, mita mbili zimekatwa. Ukikuta 50, kiungio kimeingia maji. Ikiwa masta amejizima mwenyewe, nyaya zimegusana: kata mtandao katikati, pima nusu moja, kisha nusu ya nusu, utafika gorofa yenye kosa bila kufungua kila shimo.

Kosa linalowashinda wengi ni anwani. Mita mpya karibu zote hutoka kiwandani zikiwa na anwani 0. Ukizifunga zote pamoja na kuuliza anwani 0, zote 24 hujibu kwa pamoja na unachopata ni makelele. Ama zipe anwani, kuanzia 1 hadi isizidi 250, moja moja zikiwa mezani, ama zisome kwa anwani ya pili, ambayo ni tarakimu 8 za namba ya utambulisho ya mita. Tunapendelea ya pili. Mita ikibadilishwa, namba mpya hujitokeza yenyewe kwenye orodha, na hakuna fundi wa kukumbuka kwamba nyumba ya C4 ilikuwa anwani 17.

Pampu na mita za stima: Modbus juu ya RS-485

Kwenye chumba cha pampu utakuta lugha nyingine. Mita za stima za ndani, vipimo vya shinikizo na vidhibiti vya pampu huongea Modbus kupitia RS-485, aina ya muunganisho wa waya wa data, na sheria zake ni karibu kinyume cha M-Bus. Waya ni mnyororo mmoja kutoka kifaa hadi kifaa, bila matawi. Ncha mbili za kuungia waya zina majina, A na B, na watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, kwa hiyo kifaa kisipojibu jambo la kwanza ni kugeuza nyaya. Kila mwisho wa mnyororo huwekwa rezista ya omu 120. Urefu unaweza kufika mita 1200 kwa kasi ndogo, vifaa 32 vya kawaida kwenye mnyororo mmoja, anwani 1 hadi 247.

Zima kila kitu, weka multimita kati ya A na B. Inapaswa kusoma karibu omu 60, kwa sababu ni rezista mbili za 120 sambamba. Ikisoma 120, rezista moja haipo. Ikisoma 40, mtu ameacha ya tatu katikati ya mnyororo, kwa kawaida ni kile kijiswichi kidogo nyuma ya kifaa. Kipimo hicho huchukua nusu dakika na hutatua malalamiko mengi ya mfumo unaosoma leo na kukataa kesho.

Namba ikija lakini haina maana, tuseme shinikizo la bilioni kadhaa, waya ni mzima. Namba za biti 32 hugawanywa kwenye rejista mbili (visanduku vya namba ndani ya kifaa) na baadhi ya vifaa hutanguliza nusu ya nyuma. Badilisha mpangilio kwenye programu. Kama namba ni ya rejista ya jirani, ongeza au punguza 1 kwenye namba ya rejista: vitabu vingine huanza kuhesabu kwa 0, vingine kwa 1.

Radi ndiyo adui mkubwa. Bonde la Ziwa Victoria, na vilima vya Kakamega na Kisii, hupigwa radi kwa wingi. Usivute waya wa shaba wa RS-485 kutoka chumba cha pampu hadi jengo lingine lenye athi yake. Radi ikipiga karibu, athi mbili hupishana kwa maelfu ya volti kwa muda mfupi na mkondo hutafuta njia kupitia kifaa chako. Kati ya majengo tumia nyuzi za kioo au redio, au angalau vigeuzi vilivyotenganishwa umeme pamoja na kinga ya radi pande zote mbili, kila moja ikiwa na waya mfupi wa athi.

Kuna pia njia ya kupitisha data kwenye waya wa stima wenyewe. Wengi wanaijua bila kuijua: mita ya Kenya Power iliyo juu ya nguzo na kile kibonyezo cha nyumbani huongea hivyo, ndiyo maana kibonyezo hukataa kikichomekwa kwenye ekstensheni iliyojaa chaja. Chaja za bei rahisi na taa za LED hutia kelele katika masafa yale yale. Kampuni ya stima ina nyaya zake na transfoma zake, inaweza kuihimili. Kwa mita za maji achana nayo.

Mtaa mzima: LoRaWAN

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. LoRaWAN hutuma ujumbe mdogo sana kwa nguvu ndogo sana, kwa masafa yasiyohitaji kulipiwa leseni ya pekee. Kenya hutumia mpango wa masafa wa EU868, na nguvu ya kawaida ni milliwati 25. Hakikisha vifaa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kwamba si vile vya 915 MHz vinavyouzwa kwa bei ya chini mtandaoni. Masafa hayo yanaangukia kwenye GSM 900, kwa hiyo utasumbua simu za watu nazo zitakusumbua.

Kila mita huchagua mwendo wa kutuma, kuanzia SF7 ulio wa kasi hadi SF12 ulio wa pole na wa mbali. Ujumbe wa baiti 12 huchukua kama milisekunde 62 kwa SF7. Kwa SF12 huchukua sekunde 1.48, yaani mara 24, na nguvu ya betri inayoliwa wakati wa kutuma hupanda hivyo hivyo. Mita iliyoahidiwa betri ya miaka kumi imehesabiwa kwa mwendo wa karibu. Ukiiweka chini ya kifuniko cha chuma ikabaki SF12 maisha yake yote, ahadi hiyo haipo tena. Kwa hiyo lengo la ufungaji si ujumbe kufika tu. Lengo ni ufike bila mita kupiga kelele.

Kipokezi, geitiwei, kiweke juu kabisa ya kile ulicho nacho. Vilima vya Riat na Kajulu vinaona Kisumu karibu yote, na miteremko ya Menengai inaona Nakuru, lakini kukodi mahali mlimani kuna kodi, ulinzi na safari. Kwa mtaa mmoja, mnara wa tenki la mradi hutosha. Funga geitiwei juu, karibu na antena, kisha ushushe waya wa mtandao unaobeba na umeme, ambao unaweza kufika mita 100. Ukiiacha chini na kupandisha waya mwembamba wa antena wa RG-58, mita 20 tu zitakula desibeli kama kumi: sehemu tisa kwa kumi za nguvu zimeishia njiani. Antena ya desibeli 5 au 6 inafaa. Ya desibeli 12 hubana mawimbi yakawa bapa kama chapati na nyumba zilizo chini ya mnara zikabaki gizani. Mlingoti uwe na athi, na kinga ya radi ya aina ya gesi kwenye waya wa antena.

Stima hupotea, kwa hiyo hesabu betri. Geitiwei ya wati 5 hutumia wati-saa 120 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na kwa kuwa hutaki kuishusha chini ya nusu, unapata siku moja. Mtandao wa kupeleka data kwenye seva uwe na laini mbili za kampuni tofauti.

Sasa rudi kwenye chemba. Weka mita mahali pake, funga kifuniko kama kitakavyofungwa, tuma jumbe 20. Kubali zikifika 18 au zaidi, na kiwango cha mawimbi juu ya kelele kiwe angalau desibeli 10 juu ya kikomo. Kikomo ni −7.5 kwa SF7 na −20 kwa SF12. Kisha mwaga maji ndani ya chemba hadi kwenye shingo ya mita na urudie. Fundi atakucheka, lakini mvua itakapofika utakuwa umeshajua. Chemba ikishindwa, badilisha kifuniko cha chuma kiwe cha plastiki ngumu. Kwa mitaa ambako vifuniko vya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, unatatua mambo mawili kwa pesa moja. Njia nyingine ni kununua mita zenye antena ya waya na kuipandisha antena hadi chini kidogo ya kifuniko. Zikishindwa chemba nyingi za upande mmoja, ongeza geitiwei ya pili badala ya kuhangaika na chemba moja moja.

Kwenye programu ya mita, tuma usomaji mzima ulio kwenye uso wa mita, si matumizi ya saa iliyopita. Ujumbe mmoja ukipotea, unaofuata unaleta hesabu kamili. Ujumbe kila saa 6 wenye usomaji wa kila saa unatosha kwa bili, na unakuonyesha pia maji yanayopita kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati wapangaji wamelala: nyumba ambayo haifiki sifuri muda huo kamwe ina choo kinachovuja. Zima kipengele cha kudai uthibitisho kwa kila ujumbe. Geitiwei inapotuma haisikii, kwa hiyo mita 500 zinazodai majibu zinaifanya kiziwi. Na usikubali mita zote zitume saa sita kamili usiku. Kila moja ipewe dakika yake.

Valvu ya kufungwa kwa mbali ndiyo huleta kilio. Mita ya betri ya daraja A husikiliza mara mbili tu, sekunde 1 na sekunde 2 baada ya kutuma, kisha hulala. Kama hutuma kila saa 6, mteja aliyelipa kwa M-Pesa saa moja jioni anaweza kukaa bila maji hadi usiku wa manane huku simu yake ikionyesha pesa zimepokelewa. Ukitaka malipo ya kabla, ama mita zitume kila dakika 15 na ukubali betri ifupike, ama uchukue zenye kitufe ambacho mteja akikibonyeza mita hutuma papo hapo na kupokea amri ya kufungua. Ya tatu ni tokeni za tarakimu 20 za mfumo wa STS, sawa na za stima, ambazo hazihitaji redio kabisa: mteja ndiye anayebeba ujumbe hadi kwenye mita. Kwa mradi mdogo usio na mtu wa kukesha na seva, hiyo ya tatu haiaibishi mtu. Ila mita zilizotengenezwa kwa hesabu ya zamani ya tarehe, iliyofikia kikomo 24 Novemba 2024, ziwe zimesasishwa, la sivyo hazitakubali tokeni mpya.

Mita iliyo peke yake: laini ya simu

Kwa mita ya jumla, kama ile ya msimamizi wa mtaa, chagua NB-IoT, huduma ya mtandao wa simu iliyoundwa kwa vifaa vidogo, pale ilipo. Hutumia kHz 180 tu na imeundwa kupenya desibeli 20 zaidi ya GPRS, data ya 2G, ndiyo maana husikika ndani ya chemba. Simu yako kuonyesha 4G hakuthibitishi kitu. Mwombe mtoa huduma athibitishe kwamba mnara ule umewashiwa NB-IoT, kisha upime kwa kifaa chenyewe, kifuniko kimefungwa.

Vifaa vya 2G bado vipo na hufanya kazi, ila huvuta hadi ampea 2 wakati wa kutuma. Seli za lithiamu za volti 3.6 zinazodumu miaka haziwezi kutoa mkondo huo peke yake, na zikikaa muda mrefu bila kazi hufanya utando ndani unaozishusha volti ghafla. Kifaa kinachojiwasha upya kila kikitaka kutuma huwa na ugonjwa huo. Nunua chenye kapasita kubwa pembeni ya seli.

Usitumie laini ya kawaida ya bando. Bando huisha muda, na laini isiyotumika hufungwa. Chukua laini za vifaa zenye APN (lango la data la mtandao wa simu) ya faragha, ili mita isionekane na mtu yeyote kwenye intaneti.

Kabla ya malipo ya mwisho

Mwambie muuzaji akupe faili yenye DevEUI (utambulisho wa mita), JoinEUI (utambulisho wa seva ya kujiunga) na AppKey (ufunguo wa siri) ya kila mita ya LoRaWAN, na maelezo ya jinsi baiti za ujumbe zinavyosomeka. Kagua AppKey: zikiwa zinafanana kwa mita zote, zirudishwe, kwa sababu atakayeipata moja amezipata zote. Bila faili hiyo, siku utakapogombana na mwenye seva mita zitabaki mali yake hata kama zimelipiwa na mradi. Usomaji wa saa kwa saa unaonyesha nyumba ina watu au haina, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Nywila ya mfumo isiwe moja inayojulikana na kila keyateka. Kisha tembea na karatasi, soma kwa macho mita moja katika kila kumi, na namba kwenye uso wa mita ilingane na ile ya seva kufikia lita ya mwisho. Isipolingana hata moja, soma zote, halafu ndiyo usaini hundi.